Uliza Wakili: "Nenda kortini ukawaambie kwa nini uliniandikisha"

Mama Wakili, hujambo na kazi. Mimi ni fundi wa vyuma, nina karakana ndogo kule Kariobangi Light Industries. Mwaka 2013 nilinunua ploti ya 40 kwa 80 Ruai kwa shilingi 850,000. Wakati huo nilikuwa na deni la karibu 600,000 la mtu aliyenipa mashine na vyuma kwa mkopo, na alikuwa ameanza kunitishia na madalali wa korti. Kwa kuogopa ploti isipigwe mnada nikaiandikisha jina la shemeji yangu, kaka ya mke wangu. Hatukuandikiana kitu, ni mtu wa nyumbani. Pesa zote zilitoka kwangu, nyingine benki, nyingine M-Pesa. Mwaka 2019 nilimaliza deni lote, sidaiwi na mtu. Tangu hapo namwambia shemeji turudishe jina, kila siku ana safari. Mwezi uliopita nilipita Ruai nikakuta mawe na mchanga vimemwagwa kwenye ploti. Nilipompigia aliniambia: "Nenda kortini ukawaambie kwa nini uliniandikisha." Nina meseji yake ya 2017 inayosema, "Shem, nimelipa rates za ploti yako, nitumie 4,200." Je, nina haki au nimepoteza?

Fundi, Umoja.

Nilisahau: yule aliyenidai alinishtaki 2015, nikaomba korti nilipe kidogo kidogo. Niliandikiwa hati ya kiapo kwamba sina ardhi wala nyumba, nikaweka sahihi. Sijui kama hilo lina maana.

Lina maana, Fundi. Hiyo sentensi uliyoitupa chini ya karatasi, baada ya jina lako, ndiyo barua. Yaliyo juu yake ningeyajibu chai yangu ikiwa bado moto.

Tuanze na hayo mepesi. Sheria yetu haisemi kwamba mwenye jina kwenye taito ndiye mwenye mali, basi. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinampa nguvu kubwa mwenye hati, lakini kile cha 25 kinasema wazi kwamba kuandikishwa hakumwondolei mtu wajibu wake ikiwa ameshika mali hiyo kwa amana. Na amana ya namna yako ni jambo la zamani: ukitoa pesa, kitu kikaandikwa jina la mwingine, na hukukusudia kumpa zawadi, huyo amekushikia tu. Wala usikose usingizi kwa kuwa hamkuandikiana. Sheria ya Mikataba, kifungu 3(3), inataka mapatano ya ardhi yawe na maandishi, sahihi na shahidi, kisha hapo hapo inasema sharti hilo haliigusi amana iliyozaliwa na vitendo vya watu wenyewe.

Una bahati nyingine usiyoijua. Kwa sheria ya Waingereza, baba akimwandikisha mwanawe, mahakama huanza kwa kudhani ni zawadi, na baba ndiye mwenye kazi ya kuonyesha kwamba sivyo. Shemeji hana heshima hiyo. Wewe ukionyesha tu kwamba pesa zilikuwa zako, mzigo unahamia kwake. (Mke na mume hapa Kenya wana sheria yao, ya Mali ya Ndoa ya 2013. Kifungu cha 14 kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kwamba ameishika kwa ajili ya mwenzake, hadi ithibitishwe vingine. Wanaume wengi wanaopanda ngazi za ofisi yangu hawajawahi kuisikia. Wake zao wanaijua kwa nambari.)

Sasa maneno ya shemeji yako. Nimeyaweka juu ya safu nzima kwa sababu nimeyasikia miaka ishirini na tisa, kwa Kikikuyu, kwa Kisomali, kwa Kiswahili cha Majengo na cha kwetu Mombasa, na kila anayeyasema hudhani kayabuni yeye. Mwaka 1775 kulikuwa na kesi London ya chai. Holman alimuuzia Johnson chai mjini Dunkirk, Ufaransa, akijua mwenzake ataivusha hadi Uingereza kwa magendo. Chai ikafika, Johnson akakataa kulipa: biashara ilikuwa ya haramu, nenda kwa jaji ukamwambie! Jaji Mansfield akaitamka kanuni tunayoibeba hadi leo, kwamba mahakama haimpi mkono mtu ambaye madai yake yanasimama juu ya kosa lake mwenyewe. Akaongeza neno ambalo ningependa shemeji yako asomewe polepole: utetezi huo unasikika vibaya ukitoka mdomoni mwa mshtakiwa, na haukubaliwi kwa ajili yake hata kidogo. Wanaoitaja kesi hiyo husahau mwisho wake. Holman alilipwa pesa zake. Yeye kazi yake ilikuwa kuuza chai, na kuuza chai Dunkirk halikuwa kosa. Magendo yalikuwa ya Johnson.

Kwa hiyo swali si kama umekosea, maana ulikosea. Swali ni madai yako yamesimama juu ya nini, na ule uongo ulioukusudia ulifika wapi.

Hapa jirani, Kampala, kuna kesi ninayoipenda. Bwana Kulubya alikuwa na ardhi yake ya mailo, yaani ya milki ya kudumu ya Buganda, akaikodisha kwa fundi wa Kihindi, Mistry Amar Singh, bila idhini ya Gavana ambayo sheria ya wakati ule ilitaka. Makubaliano yale yalikuwa haramu. Alipotaka ardhi yake, mwenzake akasema vile vile anavyosema shemeji yako. Kesi ikapanda hadi London, na mwaka 1963 Kulubya akashinda, kwa sababu hakuhitaji kuyataja yale makubaliano mabovu. Alisema tu: ardhi ni yangu, jina langu hili hapa. Pia sheria iliyovunjwa ilikuwa imewekwa kumlinda yeye na wenzake.

Utaniambia, lakini Kulubya alikuwa na jina, mimi sina. Kweli. Ndiyo maana nakupa na kesi tatu za watu waliokuwa upande wako wa meza.

Ya kwanza ni mzee Chettiar wa Malaya. Aliandikisha ekari 40 za mpira kwa jina la mwanawe ili ionekane yeye ana chini ya ekari 100, maana waliozidi kiwango hicho walikuwa na masharti mengine ya serikali. Mtoto akagoma kurudisha. Mwaka 1962 mzee alishindwa: ili aivunje ile dhana ya zawadi kwa mtoto ilibidi aseme mwenyewe mbele ya jaji kwamba alikuwa anawadanganya maofisa, na alikuwa ameshawadanganya.

Ya pili ni baba mwingine, Tribe, mwenye kampuni ya maduka ya nguo Uingereza. Wenye majengo aliyopanga walimdai matengenezo makubwa, akaogopa kama wewe, akahamishia hisa zake kwa mwanawe. Yale madai yakaisha kwa mapatano na hakuna aliyedanganywa, kwani zile karatasi za hisa hazikuwahi kuonyeshwa kwa mdai yeyote. Mtoto akakataa kurudisha. Mwaka 1995 mahakama ikamrudishia baba hisa zake: alikuwa amejitoa kabla ya uongo kufanya kazi.

Ya tatu ni ya wanawake wawili, Tinsley na Milligan. Walinunua nyumba pamoja, wakaiandika jina la Tinsley peke yake ili Milligan aonekane mpangaji na kupata posho ya serikali. Posho ikaliwa kwa miaka. Walipokosana, Tinsley akataka nyumba yote. Mwaka 1993 majaji watano wakagawanyika, watatu kwa wawili, na Milligan akapata nusu yake. Alichohitaji kusema ni kwamba alichangia pesa. Sababu ya kuficha jina haikuwa sehemu ya madai yake. Na jambo dogo ambalo mimi huliona kubwa: kabla ya kesi kuisha Milligan alikuwa amekwenda mwenyewe kwa maofisa wa posho, akaungama.

Uingereza wenyewe waliiacha hesabu hiyo mwaka 2016. Patel alimpa Mirza pauni 620,000 acheze bei za hisa za benki kwa habari za siri, jambo ambalo ni kosa. Habari hazikuja, mchezo haukuchezwa, Mirza akabaki na pesa. Majaji tisa waliketi, na Patel akarudishiwa. Siku hizi wanauliza mambo matatu: sheria iliyovunjwa iliwekwa kuzuia nini, kuna maslahi gani mengine ya umma, na je, kumnyima huyu mali yake ni adhabu inayolingana na kosa? Jaji wa Nairobi hafungwi na hukumu hizo. Sheria yetu ya Mahakama inatupa kanuni za haki za Kiingereza kama zilivyokuwa 12 Agosti 1897, nazo kwa kadiri zinavyotufaa. Yaliyoamuliwa London baadaye humshawishi tu. Lakini majaji wetu huyasoma, na wakili wa shemeji yako pia atayasoma, akichagua kurasa zinazomfaa.

Sasa rudi kwenye hati yako ya kiapo.

Ungekuwa umeishia pale pa kuogopa madalali, ukalipa deni 2019 bila kusema uongo popote, wewe ungekuwa Tribe, na ningekuambia lala. Lakini 2015 uliiambia korti, kwa kiapo, kwamba huna ardhi, ili upunguziwe kasi ya kulipa. Ule mpango wa kuficha ukafanya kazi uliyoupangia. Hapo umetoka kwa Tribe, umeingia kwa Milligan. Kusema uongo kwa kiapo katika kesi ni kosa la jinai, na Kanuni za Adhabu zinataja kifungo cha hadi miaka 7. Shemeji yako pengine haijui hati hiyo. Wakili wake ataijua, maana faili ya 2015 ipo, na mtu anayetaka kukushinda huanza kwa kutafuta jina lako kwenye masijala.

Kilicho upande wako ni kwamba aliyedanganywa alilipwa hadi senti ya mwisho. Hakuna mtu mwenye njaa leo kwa sababu ya kiapo kile. Kukunyang'anya ploti nzima na kumpa mtu ambaye hakutoa hata shilingi, tena aliyekuwa akijua siri tangu siku ya kwanza, ni adhabu kubwa kuliko kosa, na ni zawadi kwa mshiriki. Hoja hiyo ningeisimamia mbele ya hakimu yeyote. Kushinda siwezi kukuahidi.

Kuna kitu kimoja nakukataza kabisa. Nikiwa na miaka miwili tu katika kazi hii nilikuwa na mteja mwenye jambo kama lako. Aliona aibu kusema alikuwa anakwepa mdai, akaapa kwamba alimkopesha binamu yake pesa za kununua nyumba. Mimi sikujua. Upande wa pili wakaleta barua yake mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto, inayosema "usitaje jina langu mpaka kesi iishe." Hakimu aliisoma mara mbili kimya, akavua miwani, akaniangalia mimi, si yeye. Kesi ile ilikufa kwa uongo wa pili. Kwa hiyo, Fundi, mwambie wakili wako habari ya kiapo cha 2015 kabla hajaandika neno, na akushauri pia kuhusu upande wa jinai. Kwenye madai mapya, sema ulichofanya na kwa nini.

Sasa vitendo, na haraka, kwa sababu mchanga uliomwagwa Ruai hausubiri. Wiki hii fanya sachi, kwa Ardhisasa, ule mfumo wa ardhi wa mtandaoni, au Ardhi House kulingana na taito ilivyo, uone kama jina bado ni la shemeji na kama hajaiwekea mkopo. Kisha weka kizuizi, kile watu wanachokiita kesheni, chini ya kifungu cha 71 cha ile Sheria ya Usajili wa Ardhi. Mtu yeyote anayedai ana haki katika ardhi anaweza kukiomba. Akimuuzia mtu asiyejua lolote kabla hujafanya hivyo, utabaki kumkimbiza shemeji kwa pesa, na mtu wa safari kila siku hakimbiziki. Miaka haikubani sana: kifungu cha 20 cha Sheria ya Ukomo wa Mashtaka hakimruhusu mshika amana kujificha nyuma ya kalenda. Wala huhitaji kupanda moja kwa moja hadi Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hakimu mkuu husikiliza mambo ya ardhi ya thamani hadi shilingi milioni 20.

Kusanya taarifa za benki na M-Pesa za 2013. Na ile meseji. Usiifute, usiihamishe, usiibadilishe simu bila kuihifadhi, na wakili wako ataitengenezea cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. "Nimelipa rates za ploti *yako*." Huyo ni mtu mwenye taito mkononi, mwaka wa nne tangu ununuzi, anakudai 4,200 kwa sababu anajua ardhi si yake. Mwenye mali hamtumii mwingine bili. Neno hilo la herufi nne lina uzito kuliko shahidi yeyote utakayemvalisha suti.

La mwisho kwako. Katika barua nzima mke wako umemtaja mara moja, na ni ili kunieleza shemeji ni nani. Alikuwepo mkinunua? Pesa zilikuwa za nyumba? Basi naye ana haki yake katika ploti hiyo, na ndiye shahidi ambaye shemeji atashindwa kumtazama usoni. Kabla ya barua ya wakili, muache yeye akae na mama yake na kaka yake, wewe usiwepo. Wakikubaliana, iandikeni, mtie sahihi mbele ya wakili, mhamishe jina mkalipe ushuru wa stempu. Nimeona mama mkwe akimaliza kwa mchana mmoja jambo lililokaa mahakama ya Milimani miaka sita.

Shikamoo Mama Wakili. Mimi ni Mtanzania, nafundisha shule moja hapa Nairobi na ninaishi South B kwa kibali cha kazi. Mwaka 2020 nilinunua ekari mbili za shamba Isinya. Niliambiwa mgeni hawezi kuandikishwa, hivyo rafiki yangu Mkenya akaweka jina lake, na tukaandikiana kwa wakili hati nzuri kabisa inayosema ameshika shamba kwa niaba yangu. Rafiki amefariki mwaka huu, Mungu amrehemu. Watoto wake wananiheshimu lakini wanasema wakili wao amewaambia hati yangu haina kazi. Sisi si Jumuiya moja ya Afrika Mashariki? Mwalimu.

Marahaba, Mwalimu, na pole kwa msiba.

Wakili wao amesema kweli, na nitakueleza kwa nini hata kama inauma. Ibara ya 65 ya Katiba yetu inasema asiye raia anaweza kushika ardhi kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Haikusema mtu wa nje ya Jumuiya, ilisema asiye raia. Waliotunga walijua watu watapitia mlango wa amana, wakaufunga: mali iliyoshikwa kwa amana itahesabiwa ya raia pale tu ambapo wote wanaofaidika nayo ni raia. Yaani sheria hailitazami jina la marehemu, inakutazama wewe nyuma yake.

Shamba la Isinya lina tatizo la pili. Ikiwa ni ardhi ya kilimo iliyo chini ya bodi ya ardhi, Sheria ya Kudhibiti Ardhi inataka idhini ya bodi, na inataja kwa jina kwamba hata kutangaza amana juu ya ardhi hiyo ni jambo linalotaka idhini. Idhini hamkuomba, na mngeomba bodi ingelazimika kukataa, kwa kuwa wewe si raia. Hati yenu nzuri ndiyo inayoonyesha haya yote kwa mwandiko safi. Mwenzako wa Umoja hana karatasi na ana matumaini. Wewe unayo, nayo inakusomea hukumu. Kazi hii ina vichekesho vyake.

Huenda mtu atakutajia uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 2014, ambapo watu 88 waliokuwa wamelipa na kuingia kwenye vipande vyao vya shamba waliokolewa na kanuni ya amana ijapokuwa idhini ya bodi haikupatikana. Ni uamuzi wa kweli. Lakini pale kilichokosekana ni idhini. Amana inaweza kuziba pengo la karatasi, haiwezi kukupa uraia.

Kinachobaki kwako ni pesa. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo hiyo ya bodi kinasema pesa iliyolipwa katika mapatano yaliyobatilika hudaiwa kama deni. Aliyepokea pesa zako ni nani: marehemu, au ulimlipa muuzaji moja kwa moja? Ikiwa zilipitia mkononi mwa marehemu, una dai juu ya mirathi yake. Ikiwa zilikwenda kwa muuzaji, mambo ni magumu zaidi, na itabidi kuwaambia watoto ukweli kwamba shamba walilorithi lililipiwa na wewe, na kutegemea mahakama isione haki wao kutajirika bure. Usichelewe. Deni la mkataba hufa baada ya miaka 6, na atatokea mtu wa kusema saa ilianza kuhesabu 2020. Watoto wanakuheshimu, umesema. Kaeni sasa, kabla mirathi haijathibitishwa na kabla hawajapata mnunuzi: wauze shamba, wakurudishie mtaji, wao wabaki na faida au sehemu mtakayoelewana. Makubaliano hayo yaandikwe kama malipo ya deni. Neno amana lisiwemo.

Wakili, niko Eastleigh, nina miaka 24, nauza simu dukani. Binamu yangu yuko katika ofisi ya kaunti na anataka kununua apatimenti kwa jina langu. Anasema kazini wanajaza fomu ya mali na hataki maswali. Atanipa 100,000 na nitaishi humo bure. Nikubali?

Hapana.

Sheria ya Kupambana na Ufisadi ya 2003 inahesabu mali iliyo mikononi mwa mtu mwingine kwa niaba ya anayechunguzwa kuwa ni mali yake. Siku watakapomuuliza binamu yako alipata wapi, barua ya pili itakuja dukani kwako, na utatakiwa ueleze jinsi muuza simu wa miaka 24 alivyonunua apatimenti. Ukisema ni yake, umemfunga. Ukisema ni yako, umeapa uongo, na ushuru wa mapato nao watataka kujua. Na akija kukuambia uirudishe, na wewe umeshaizoea, utajikuta unamjibu kama shemeji wa Umoja alivyojibu.

Kama tayari umempa nakala ya kitambulisho na PIN yako ya KRA, mtumie ujumbe leo, kwa maandishi, kwamba hukubali zitumike kununua chochote, na uuhifadhi. Kisha ufungue akaunti yako ya Ardhisasa wewe mwenyewe, uone kama tayari kuna nyumba yenye jina lako.